Vidonge vya Shemeji

Alhamisi, 6 Machi

Sakafu yote ya hospitali hii, kuanzia mlango wa mbele hadi mochwari, niliitandika vigae mimi peke yangu, na hakuna hata kimoja kilichowahi kucheza. Ndivyo nilivyomwambia Sista wa utafiti leo asubuhi alipokuwa akilikunja goti langu na kulinyoosha kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango mbovu. Akasema, "Hongera babu, kumbe uko nyumbani." Halafu akanipa daftari hili, akaniambia niandike kweli tupu kila siku, maana yeye na Dakta watalisoma mvua zikiisha. Haya, kweli tupu, Sista: ni vyoo viwili vya wanaume na kipande cha korido mbele ya maabara. Na choo kimoja nilisaidiwa.

Ila magoti niliyaacha huko kweli. Miaka thelathini na minane nimepiga magoti kuliko mcha Mungu yeyote, na wala sikuwa nasali. Dakta, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, ametuonyesha picha ya mifupa yangu ukutani. "Hapa katikati palikuwa na gegedu, babu, laini kama mpira. Limelika. Sasa mfupa unasaga mfupa."

"Na langu je?" akauliza Shemeji, anataka lake liwe baya zaidi. Huyo ndiye kaka wa marehemu mke wangu. Alikuwa tarishi, kazi yake kupandisha mafaili ghorofa ya sita na kuyashusha tena, na lifti ya ofisi yao ilikuwa pambo tu. Dada yake alipofariki alikuja kwangu kunipa pole ya wiki moja. Huu ni mwaka wa tisa. Anakula, analala, ananikosoa.

Dakta akaeleza utafiti. Tuko watu mia mbili na arobaini. Nusu watapewa dawa mpya ya kuzuia gegedu lisiendelee kulika, nusu watapewa vidonge vya unga usio na kazi yoyote, na vyote vinafanana: kila kimoja nusu kijani, nusu cheupe. Yeye hajui nani kapata nini, Sista hajui, sisi hatujui. Majibu yamo kwenye bahasha zilizofungwa, na bahasha zimo kwenye kabati la chuma. Wakijua mapema, macho yao yataanza kuona wanachotaka kuona.

"Sasa nikipewa unga?" nikauliza.

"Utakuwa umesaidia watu wengi, babu."

"Mimi nimekuja kusaidia goti."

Shemeji akacheka hadi akakohoa. Tukatia sahihi. Mimi ni nambari sabini na nne, yeye sabini na tano. Maumivu tuandike kuanzia sifuri hadi kumi, kumi ikiwa maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyawazia. Leo: kulia 6, kushoto 5.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Kulia 6, kushoto 5. Nimemeza.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. 6 na 5. Chupa zetu tumeziweka juu ya kabati la vikombe, yangu kushoto, ya Shemeji kulia. Yeye kaifunga yake uzi mwekundu, eti nisije nikaiba. Nani aibe kidonge cha mwenzake?

Jumatano, 12 Machi

Mvua. 7 na 5. Nimepitisha siku tatu bila kuandika, kwa hiyo weka 6 na 5 kote. Usinikaripie, Sista.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji kaamka anaimba. Hana sauti, hajawahi kuwa nayo, ukoo wao mzima wanaimba kama mlango wa zizi. Anasema goti lake ni 3. Nimemwambia siku kumi hazitoshi dawa yoyote kufika gotini, njia yenyewe ndefu. Akasema, "Kwangu imepanda gari."

Mimi 6 na 6.

Alhamisi, 20 Machi

Binti yangu, ambaye nyumba hii ni yake nasi wazee wawili tumejazana chumba kimoja, alianika nguo juu ya paa. Mawingu yakafunga ghafla. Kabla sijanyanyuka kitini Shemeji alishapanda ngazi za ghorofa zote tatu, akashuka na shuka kumi mabegani, hata hakushika ukuta.

"Mjomba, umekuwa kijana!" binti akasema.

"Ni dawa, mwanangu," akasema, huku ananitazama mimi. "Wengine wamepewa unga. Si kosa lao."

Tangu lini binti yangu akanisifia mimi hivyo? 6 na 6.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. 7. La kushoto sijalisikiliza.

Alhamisi, 27 Machi

Leo Shemeji ameniletea fimbo yake. Fimbo nzuri, nyeusi, ina kipini cha shaba, alipewa siku ya kustaafu. Akanikabidhi mbele ya binti na mbele ya jirani.

"Chukua, shemeji. Mimi siihitaji tena. Ukiongeza na yako utakuwa na miguu minne, utembee vizuri kama mbuzi."

Wakavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka, maana utani ni utani, na yule ni shemeji yangu, ana haki yake.  Lakini miaka yote hii mimi ndiye nilikuwa mzima kuliko yeye. Mimi ndiye nilimshika mkono kwenye mazishi ya dada yake.

7 na 7.

Jumamosi, 29 Machi

Hili naliandika kwa herufi ndogo.

Asubuhi Shemeji alikwenda kuoga. Huoga muda mrefu, anaimba. Nikashusha chupa zote mbili, nikavimwaga vidonge ndani ya bakuli la bati, nikavikoroga kwa mkono kama mtu anayechanganya saruji na mchanga. Halafu nikavigawa tena, idadi ileile kila chupa, maana Sista huvihesabu. Nikafunga uzi mwekundu kama alivyoufunga yeye. Nikazirudisha chupa juu ya kabati, yangu kushoto, yake kulia.

Nimemdhulumu nini? Sikuiba. Yeye ana dawa, mimi nina unga, sasa kila mmoja ana nusu ya kila kitu. Tunakula sahani moja, tunalala chumba kimoja. Dada yake angesema nimefanya haki.

Dada yake asingesema hivyo. Lakini hayupo.

Jumanne, 1 Aprili

5 na 5! Nilijua! Siku tatu tu!

Alhamisi, 3 Aprili

Siku yetu ya kliniki. Tumekaa benchi letu. Sista kahesabu vidonge, kakuta sawasawa, akasema, "Hawa babu zangu wawili ni mfano wa kuigwa." Nikatazama dari. Damu tumetolewa, zote nzuri. Tumepewa chupa mpya.

Tulipotoka, Sista alikuja nyuma yetu amebeba trei ya chupa za damu, akajikwaa mbele ya maabara. Trei iliyumba, akaidaka. Kigae kimenyanyuka pembe.

"Ni fundi gani alitandika hapa?" akauliza kwa hasira.

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama dari tena. Nimeichunguza sana dari ile leo.

Alasiri nikarudi peke yangu na mwiko na gundi. Nikapiga magoti palepale na mifupa yangu inayosagana, nikaking'oa kile kigae, nikasafisha chini, nikakilaza upya. Saa nzima. Kuinuka nilishindwa, walininyanyua watu wawili kama kabati. Sista akasema, "Babu, una wazimu. Lakini nina deni lako." Nikamwambia siku moja nitalidai. Kulia 9.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimechanganya chupa mpya, yake nayo kaifunga uzi uleule. Mara ya pili haikuwa na uzito wa mara ya kwanza. 5 na 4.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. 4 na 4. Nimetembea hadi sokoni. Shemeji bado anaringa na 3 yake. Tunaringa wote sasa, amani imerudi nyumbani.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. 4. Shemeji hakula jana wala leo. Anasema chakula kinanuka. Binti kanuna.

Alhamisi, 17 Aprili

Shemeji anajikuna. Mikono, tumbo, nyayo. Nimemwambia ni kwa sababu ya kuoga sana, uchafu wa asili ndio ulikuwa unamshikilia. Hakucheka. Hajawahi kuacha kunijibu.

Jumapili, 20 Aprili

Hakuimba bafuni.

Jumatano, 23 Aprili

Asubuhi alikuja dirishani kutazama mvua, mwanga ukampiga usoni. Macho yake yalikuwa ya njano. Si njano ya uzee, hiyo ninayo hata mimi. Njano kama kiini cha yai.

"Unanitazama nini?" akasema. "Mimi si dada yangu."

Binti akakodi gari. Amelazwa. Wodi ya wanaume, kitanda cha sita kutoka mlangoni. Goti sikulipima.

Ijumaa, 25 Aprili

Wamesema ni ini. Halafu wakasema huenda si ini lenyewe, huenda ni jiwe au uvimbe umeziba njia ya nyongo. Picha haionyeshi vizuri. Shemeji amelala, mkojo wake una rangi ya chai ya rangi, anasahau maneno. Aliniita kwa jina la mdogo wake.

Nilimuuliza Sista, kama mtu anayeuliza habari za mvua: vidonge vinaweza kuleta haya? Akasema ndiyo, ndiyo maana Dakta ataomba bahasha ya nambari sabini na tano ifunguliwe. Hufunguliwa kwa dharura tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Bahasha imefunguliwa. Sista ametuambia mimi na binti pale kwenye korido, juu ya vigae vyangu. "Tumshukuru Mungu, si vidonge. Babu aliyelazwa alikuwa upande wa unga. Tangu mwanzo alikuwa anameza unga mtupu."

Niseme kweli? Kitu cha kwanza kilichonijia ni kicheko. Unga! Alipanda ghorofa tatu kwa unga! Alinipa fimbo kwa unga! Nikaanza kutengeneza kichwani utani nitakaomtania akipona, utani wa miaka kumi.

Nilikuwa nimefika karibu na mlango wa nje ndipo akili ikarudi. Kama yake ilikuwa unga, basi kwa nini mimi nilichanganya? Na yangu ilikuwa nini? Yangu huenda ndiyo ilikuwa dawa. Kwa mkono wangu, kwenye bakuli la bati.

Nikakaa kwenye ngazi, mvua ikaninyeshea. Binti akafikiri nalia kwa furaha.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Daktari wa upasuaji amesema Ijumaa watampasua watafute kilichoziba. Binti ametia sahihi.

Nimejiambia: wewe si daktari. Huenda ni jiwe kweli. Huenda na yangu ilikuwa unga. Watu wanaugua bila kusababishiwa na mtu. Nimejiambia mengi. Mimi nina mdomo mrefu, kila mtu anajua, lakini leo ulikuwa mzito kama gunia la saruji.

Jumanne, 29 Aprili

Nilikwenda hadi mlango wa Dakta. Nikasikia anazungumza na simu. Nikarudi. Nimejiona nikirudi, Sista, kwenye kioo cha mlango wa maabara. Mzee na fimbo mbili. Mbuzi kweli.

Jumatano, 30 Aprili

Nimesema.

Niliingia bila kubisha. Dakta alikuwa anakula mkate, Sista anapanga mafaili. Sikukaa. Nikajua nikikaa nitaanza hadithi, nami nikianza hadithi hujipendelea.

"Dakta, vidonge vya Shemeji si unga. Nilivichanganya na vyangu. Mara mbili."

Akaweka mkate chini. "Babu, huu si wakati wa mzaha."

"Ningekuwa nafanya mzaha ningechagua mzuri zaidi."

 Akauliza polepole, kama mtu anayetembea juu ya sakafu yenye maji, "Yeye alijua?"

"Hakujua. Alikuwa bafuni anaimba."

Sista akaziba mdomo kwa mkono. Dakta hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikwenda kwenye kabati la chuma, akapiga simu mbili, akatoa bahasha yangu, ya sabini na nne, akaichana. Nilimwona anasoma. 

"Ilikuwa dawa," nikasema mimi.

"Ilikuwa dawa."

Halafu akachukua simu tena, na sauti yake ikabadilika. "Daktari, yule mgonjwa wa kitanda cha sita, tafadhali usimpasue. Hakuna jiwe. Amekuwa akimeza dawa ya utafiti, mwezi mzima. Ini lake limeikataa. Ukimlaza kwa dawa ya usingizi na ini la namna hiyo, hataamka."

Hataamka. Alilisema mara moja tu, lakini mimi nalisikia hadi sasa hivi naandika.

Binti alitumwa nyumbani kuleta chupa. Dakta akavipeleka vidonge maabara vipimwe. Kisha akatoa fomu.

"Ulichanganya tarehe ngapi?" Nikataja. "Kwa nini?"

"Kijicho, Dakta."

Kalamu ikasimama. "Hapa hakuna nafasi ya kijicho."

"Andika 'sababu nyingine'."

Akaandika. Nikamwambia anitoe kwenye utafiti, anifunge, afanye atakavyo. Akavua miwani, akawa mtoto kabisa. "Babu, unajua ungekaa kimya ingekuwaje? Achana na mgonjwa. Tungeandika kwamba ini liliharibika kwa mtu aliyekuwa anameza unga. Dawa ingesafishwa. Halafu wangeimeza maelfu ya watu wenye magoti kama yako, na sisi tungewaambia haina neno."

 Nilikuja kusaidia goti.

Alhamisi, 1 Mei

Maabara imethibitisha. Kwenye chupa yenye uzi mwekundu, takriban nusu ni dawa. Utafiti umesimamishwa, watu wote mia mbili na arobaini waitwe wapimwe ini upya. Kwenye benchi wanaulizana kulikoni. Mmoja aliniambia, "Mzee, nasikia kuna mjinga mmoja ameharibu." Nikasema nami nimesikia.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imepungua. Vipimo vya Shemeji vimeanza kushuka. Amekunywa uji, na amesema uji una chumvi. Sista anasema akianza kulalamika ndiyo anapona.

Jumatano, 7 Mei

Dakta alitaka kumweleza yeye. Nikasema hapana.

Nikavuta kiti hadi kitanda cha sita. Macho yalikuwa bado na njano kidogo pembeni. Akaniona, akatabasamu, akasema, "Umeniletea fimbo yangu? Usije ukaizoea."

Nikamwambia. Yote, bakuli, uzi, mara ya kwanza na ya pili, na siku nne nilizokaa na neno mdomoni wakati yeye anasubiri kisu. Hakunikatiza. Mtu huyu amenikatiza kila sentensi kwa miaka arobaini, lakini leo aliniacha nikafika mwisho.

"Kwa hiyo mimi nilipona kwa unga," akasema.

"Ulipona kwa unga."

"Na kuumwa, nimeumwa kwa ajili yako."

"Ndiyo, shemeji."

Akatazama dari. Dari ya wodi hata mimi siijui, kazi yangu ni sakafu.

"Dada yangu aliishi na wewe miaka thelathini na minne," akasema. "Kila nikimuuliza anakuvumiliaje, alikuwa anasema: ana maneno mengi tu, lakini hawezi kumdhuru mtu." Akageukia ukuta. "Nenda, shemeji."

Nilikwenda. Fimbo yake nikaisahau mkononi mwangu.

Jumatatu, 12 Mei

Ameruhusiwa kutoka. Hakuja nyumbani. Mtoto wake wa kiume amemchukua, upande wa pili wa mji. Binti alifunga nguo zake kwenye sanduku, hakunisemesha. Chumba kimekuwa kikubwa. Kulia 7, kushoto 7.

Jumatano, 14 Mei

Jua. Hakuna anayeimba bafuni. Nimejaribu mimi. Binti akagonga mlango akidhani nimeanguka.

Jumanne, 20 Mei

Leo nilipimwa ini. Zima, la kijana. Bado nitaendelea kupimwa kila mwezi, na Shemeji vilevile, hadi mwaka uishe. Lakini kadi yangu sasa imeandikwa Jumanne, na yake imebaki Alhamisi. Sikuuliza nani aliomba tutenganishwe. Benchi ni lilelile, lina nafasi nyingi.

Nimepita juu ya kile kigae. Nimekikanyaga kwa kisigino. Hakichezi.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua zimeisha, na kesho unakuja kuchukua daftari, Sista. Utaona mahali nilipodanganya namba. Karibu kila siku Shemeji alipoanza kuringa. Kijicho usikifute.

Sasa, lile deni. Hukumbuki? Mbele ya maabara, saa nzima kwa magoti, watu wawili kuninyanyua. Ulisema mwenyewe.

Usiniombee msamaha kwake, usimwambie neno. Chukua tu kadi yangu, ukate Jumanne, uandike Alhamisi. Akiuliza, sema ni kompyuta. Nitakaa mwisho kabisa wa benchi, sitafungua mdomo, unajua ilivyo kazi kwangu. Fimbo yake nitaiegemeza katikati yetu, karibu naye, mahali mkono wake unafika bila kunitazama.

Ni herufi chache tu, Sista. Kalamu unayo.